Mfupa Uliounga Vizuri

Kwa miaka kumi na tisa Dorothée aliwadunga sindano mbuzi na ng'ombe wa Fizi, na hakuna aliyemcheka. Watu wa Baraka walianza kumcheka siku alipofungua nyumba ya kutibu kunguru. Mnyama wa kufugwa ana mwenyewe, walisema. Kunguru ana nani? Shemeji yake mmoja alimuuliza, mbele ya watu waliokuwa wakitoka ibadani, kama na panya nao watatandikiwa kitanda. Dorothée alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mnene, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Alimkazia macho shemeji mpaka shemeji akaanza kuzungumzia mvua.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na ua, si mbali na mahali wavuvi wanapopandisha mitumbwi. Baraka ni mji sasa. Una pikipiki, una nyaya, una mifereji ya takataka, na wanyama wa porini hawakuhama mji ulipokuja. Tumbili walishuka kutoka mlimani kuiba mihogo iliyoanikwa, wakagongwa barabarani. Mwewe walinasa kwenye nyaya. Bundi walipigwa mawe kwa sababu ni bundi. Korongo, kenge na fisi-maji waliingia nyavuni wakifuata samaki. Wengi waliishia kwenye sufuria, na Dorothée hakuwalaumu watu wenye njaa. Alichosema ni kwamba atakayemletea mnyama aliyeumia atapewa kipande cha sabuni, na polepole wakaanza kuja.

Shirika moja la Bukavu lilitoa dawa na kulipa mishahara ya watu watatu. Wa kwanza alikuwa Dorothée mwenyewe. Wa pili alikuwa Chérie, msichana wa kanisani kwake, aliyeosha vizimba na kupika chakula cha wanyama. Wa tatu alikuwa Zénon.

Zénon alikuwa Mrundi, mkulima, aliyevuka mpaka na mke wake Gloriose mwaka wa matata ya kwao na kupokelewa katika kambi ya Mulongwe. Dorothée alimkuta huko siku moja ya chanjo. Mbuzi wa jirani alikuwa amevunjika mguu, na Zénon alikuwa amemfunga kwa mabua ya mtama na uzi wa gunia. Dorothée alipapasa ule mguu kwa vidole, akapapasa tena. Waganga wengi wenye diploma hawangeunyoosha hivyo. Akamchukua kazini, akamfundisha majina ya mifupa, namna ya kupima dawa ya usingizi kwa uzito wa mnyama, na kwa nini mfupa uliovunjika katikati hupona upesi kuliko uliovunjika karibu na kiungo. Alimwita Baba Nibizi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ndugu za Dorothée walilalamika kwamba anampenda Mrundi kuliko watu wa kwao. Kazi ilikuwa ya ndugu, walisema, na yeye ameipeleka kambini.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja. Mnyama mzima hakupokelewa. Kama mtu amekamata korongo asiye na kidonda na anataka sabuni, korongo aliachiwa hapohapo na mtu akarudi mikono mitupu. Shirika lilihesabu wagonjwa tu.

Mwaka ule ziwa lilipanda na kuingia katika nyumba za chini, na kwa miezi mitatu wagonjwa walikuwa sitini na mmoja. Zénon na Dorothée walifanya kazi miguu ikiwa ndani ya maji, vizimba vimepangwa juu ya meza. Shirika lilifurahi sana. Kisha maji yakaanza kushuka, kiangazi kikaingia, na wanyama wakarudi walikotoka. Mwanzoni mwa mwezi wa saba ikaja barua ya Eugène, bwana aliyesimamia miradi kule Bukavu. Aliandika kwa heshima. Alisema vifaa ni vichache na mahitaji ni mengi, na kwamba kama kliniki ya Baraka haitapata wagonjwa ishirini kufika mwisho wa mwezi wa tisa, itafungwa, na vizimba vyake vitapelekwa mahali penye kazi zaidi.

Dorothée aliwasomea wenzake barua ile wakiwa wamesimama uani. Alipomaliza aliikunja.

"Basi tuombe Mungu banyama baumie," akasema. "Kama hatufikishi ishirini, kila muntu atarudi kwabo."

Chérie akacheka. Zénon hakucheka. Aliuliza kama ni ishirini kamili, na Dorothée akamjibu kwamba ni ishirini kamili.

Wiki sita zilipita, na wagonjwa walikuwa watano. Dorothée alianza kuamka mapema na kutembea kando ya barabara akiangalia mitaroni. Aliona haya kwa jambo hilo na hakumwambia mtu.

Halafu, katikati ya mwezi wa nane, wakaanza kuja. Korongo aliyevunjika bawa. Tumbili dume, mguu wa kushoto. Kenge. Kunguru wawili kwa siku moja. Karibu wote walifika alfajiri, kabla Dorothée hajafungua, na Zénon, aliyekuwa wa kwanza kazini siku zote, ndiye aliyewapokea na kuwaandika. Dorothée alipoingia aliwakuta wamelala juu ya kitambaa, tayari kufungwa mabanzi. Na ilikuwa mivunjiko ya ajabu kwa uzuri wake: katikati ya mfupa, ngozi haikuchanika, hakuna uchafu ulioingia. Alimwambia Zénon kwamba Mungu amewahurumia, amewaletea wagonjwa wa kupona. Zénon akasema, "Ndiyo, mama," na kuendelea kuosha beseni.

Mmoja tu ndiye hakupona, tumbili jike. Aliletwa asubuhi, hakuamka tena. Zénon alimzika nyuma ya nyumba peke yake na kwa siku mbili hakugusa chakula. Dorothée aliona ni moyo mwema.

Mwezi wa tisa ulipoingia alitambua kwamba chupa ya dawa ya usingizi inashuka haraka kuliko ilivyotakiwa. Aliweka alama kwa kalamu ubavuni mwa chupa. Baada ya siku tatu dawa ilikuwa chini ya alama kwa nusu kidole, na daftarini hakuna mnyama aliyeandikwa kuwa amelazwa siku hizo. Dawa ile ilikuwa na soko mjini. Vijana waliitafuta kwa ajili ya ulevi. Dorothée alifikiri usiku kucha, na asubuhi akamwita Chérie. Chérie alikuwa na kitenge kipya, na mchumba wake aliuza vidonge sokoni. Kwa Dorothée hayo yalitosha.

Chérie hakulia. Alichukua mfuko wake na kuumwaga wote juu ya meza ya matibabu: kitana, kitabu cha nyimbo, nusu ya hindi la kuchoma.

"Mi ndiyo unaniuliza, mama," akasema. "Ye haumuulizi?"

Dorothée akamjibu kwamba Baba Nibizi hana haja ya kuulizwa. Chérie akarudisha vitu vyake mfukoni kimoja kimoja, akaenda, na kesho yake hakurudi. Kabla ya Jumapili kanisa zima lilikuwa limesikia kwamba msichana ameiba dawa. Dorothée hakuwa amemwambia mtu ila dada yake.

Korongo wa kwanza alikuwa amepona mwishoni mwa mwezi ule. Mnyama aliyepona hurudishwa pale alipokamatwa, na kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya Zénon. Siku hiyo ilikuwa siku ya kugawa chakula kambini na alikuwa ameomba ruhusa, kwa hiyo Dorothée alimtia ndege kwenye kikapu, akafungua daftari kuona aliletwa na nani, na akashuka ziwani mwenyewe. Jina lilikuwa Dieumerci, mvuvi. Alimkuta ameketi juu ya ubao wa mtumbwi akishona wavu. Alikuwa na kovu jipya chini ya jicho.

Dorothée alimwambia amemletea mgonjwa wake. Dieumerci aliangalia kikapuni, akauliza ndege aliugua nini.

"Bawa. Si wewe ulimuleta, bawa imevunjika?"

"Apana, mama. Ile ndege ilikuwa muzima. Iliingia tu ku wavu, mi nikaitoa na mikono. Nilijua haina kidonda, nikafikiri hamutanipa sabuni. Lakini Bwana Zénon alinipa."

"Labda haukuona. Kulikuwa giza."

"Mama, ilinipiga na mabawa yote mbili." Akagusa lile kovu. "Hapa, na hapa. Ingekuwa mbovu ingenipiga aje?"

Dorothée alifungua kikapu. Korongo alisimama kwenye mchanga, akajinyoosha, akaruka. Alipita juu ya mitumbwi, akazunguka, akaelekea kwenye matete ya upande wa pili, na lile bawa halikuyumba hata kidogo. Wavuvi wawili walipiga makofi. Dorothée aliokota kikapu na kupanda kurudi.

Alikaa na daftari mchana mzima. Wagonjwa walikuwa ishirini. Tisa aliweza kuwaeleza: wawili wa pikipiki, mwewe wa nyaya, bundi wa mawe, na kadhalika. Kumi na mmoja hakuweza. Aliingia kwenye vizimba, akamshika tumbili dume na kupapasa mguu wake, kisha kenge, kisha kunguru. Ulikuwa mvunjiko mmoja, mahali pamoja, katikati ya mfupa, pale yeye mwenyewe alipomfundisha Zénon kwamba damu hufika kutoka pande zote mbili. Na hakuna aliyeletwa tangu hesabu ilipofika ishirini.

Zénon alirudi saa tisa. Chakula kambini kilikuwa kimepunguzwa tena. Alibeba mfuko uliolegea, akauweka chini ya ukuta, akaingia kunawa mikono.

"Baba Nibizi," Dorothée akasema, "korongo ya Dieumerci ilifika hapa muzima."

Alikausha mikono kwanza. "Ndiyo, mama."

"Na zile zingine kumi?"

"Na zile."

Dorothée alikuwa amejiandaa kwa uongo. Hakuwa amejiandaa kwa hili. Akajikuta anamuuliza alifanyaje, kwa sauti ileile aliyotumia kumuuliza habari za kidonda, na Zénon akamweleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ripoti. Aliwalaza kwanza. Aliwapima, akadunga kipimo kamili, akangoja mpaka jicho halijibu. Alikunja kitambaa mara nne juu ya ukingo wa meza ili ngozi isichanike. Hakuna aliyesikia maumivu wakati wa kuvunjwa, alisema. Baadaye ndiyo, lakini baadaye aliwapa dawa. Tumbili jike alikuwa na mimba. Hilo hakulijua, na kipimo kilikuwa kikubwa mno kwake. Aliposema hivyo alitazama sakafu.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungekatala."

"Ningekatala, ndiyo!"

"Na ungefunga. Mi ningerudi kwetu wapi, mama? Ulisema kila muntu atarudi kwabo." Hakusema kwa ukali. "Ulisema tuombe banyama baumie. Wiki sita niliomba. Kila asubuhi nikikuja huku, naomba."

"Nilikuwa nacheka, Baba Nibizi."

"Najua. Lakini ile barua haikuwa inacheka."

Dorothée alimwambia aende, asirudi tena kazini. Zénon akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kupokea habari hiyo zamani. Kisha akauliza kama anaweza kumbadilishia kenge bandeji, kwa sababu siku yake ilikuwa leo. Dorothée alitaka kukataa. Lakini bandeji ilikuwa imekwisha kulegea. Akasimama mlangoni akamtazama. Zénon alimshika kenge nyuma ya shingo, akamfunika macho kwa kitambaa, akafungua, akasafisha, akafunga, bila haraka, bila kumwumiza. Akanawa tena. Akachukua mfuko wake, akaenda.

Zilibaki siku nne kabla ya ripoti.

Dorothée aliandika ripoti mbili. Ya kwanza ilikuwa na wagonjwa tisa na ukurasa mzima wa maelezo. Alipoisoma alijua kitakachofuata: kliniki itafungwa, na wanyama saba waliokuwa bado na mabanzi wataachiwa hivyo hivyo au kuliwa. Alijua pia mjini kitasemwa nini. Hawatasema Zénon, watasema Barundi. Wale wazee wa kambini waliokuja kuuza mboga zao sokoni watatupiwa neno hilo miaka kumi. Hayo yote yalikuwa kweli, na aliyarudia moyoni mara nyingi. Chini ya hayo kulikuwa na jambo jingine alilolijua pia, kwamba shemeji yake atacheka.

Ripoti ya pili ilikuwa fupi. Wagonjwa ishirini, waliopona au wanaoendelea vizuri kumi na tisa, aliyekufa mmoja. Ndiyo aliyoituma.

Eugène alipiga simu kesho yake kumpongeza, na mwezi wa kumi akaja mwenyewe akiwa na kamera. Alikuwa kijana mpole mwenye viatu vya gharama, akawaogopa tumbili, lakini alijua kazi yake. Alipapasa ule mguu wa tumbili dume kwa muda mrefu. Alisema amezunguka vituo vingi na hajaona mfupa uliounga vizuri hivi, akataka kuonana na fundi aliyeufunga. Angependa ampeleke akafundishe wengine. Dorothée akasema fundi amesafiri kwenda Kazimia kwa mambo ya familia. Eugène akasikitika, akaandika jina la Zénon katika daftari lake, akauliza linaandikwaje. Dorothée akamtajia herufi moja moja.

Gloriose alikuja mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeanza. Alikuwa ametembea kutoka kambini na kandambili mkononi kwa ajili ya matope. Dorothée alimkaribisha kiti, akakaa. Alieleza kwamba kituo cha afya cha kambini kinatafuta mtu wa kusaidia waliovunjika, kufunga na kunyoosha, na kwamba wamemtaka Zénon alete karatasi kutoka kwa mwajiri wake wa zamani. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa.

Dorothée akamuuliza kama anajua kwa nini mume wake aliondoka.

"Aliniambia siku ileile," Gloriose akasema.

"Basi, Mama Nibizi, unataka niandike nini? Kwamba nimupe bantu, batoto, anyoshe mifupa yabo?"

"Ye hawezi kuvunja muntu. Unajua."

"Sijui tena."

Gloriose alizisogeza kandambili zake chini ya kiti. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na kunguru mmoja kizimbani alikuwa anagonga sahani yake.

"Alivunja kumi na moja, ni kweli," akasema. "Na we uliandika zile kumi na moja ku ripoti, kliniki haikufungwa. Ye iko bila kazi, we iko na kazi."

Dorothée alichukua kalamu. Aliandika kwamba Zénon, mkaaji wa Mulongwe, alifanya kazi katika kliniki hii tangu mwezi fulani wa mwaka fulani hadi mwezi fulani, na aliondoka kwa kutaka mwenyewe. Akaweka sahihi na muhuri. Gloriose, aliyesoma shule mpaka darasa la kumi, alipitia mistari ile mara mbili, akageuza karatasi kuona kama nyuma kuna kitu.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Aliikunja vizuri, akaitia kifuani isilowe, akashukuru, akaenda. Kazi hawakumpa. Mtu wa kituo aliuliza mbona mwajiri wa miaka yote hiyo hana hata neno moja la kumsifu. Kabla ya Krismasi Dorothée alisikia kwamba amekwenda Lulimba kuchimba dhahabu, na kwamba Gloriose amebaki kambini na watoto.

Siku hizo Dorothée alifanya kazi peke yake. Aliosha vizimba, alipika, alifunga mabanzi, na yake hayakuwa mazuri kama ya Zénon. Mwewe mmoja alibaki na bawa lililopinda. Watu walioleta wanyama mara nyingi walikuta lango limefungwa kwa sababu yuko ziwani au sokoni, wakaenda zao. Wagonjwa wa miezi mitatu ya mwisho wa mwaka walikuwa kumi na wanne, sharti likiwa bado ishirini, na aliandika kumi na wanne. Jibu la Eugène lilikuwa refu na la huzuni. Vizimba vitafuatwa mwezi wa kwanza.

Jumamosi moja alikwenda nyumbani kwa Chérie. Chérie alikuwa anauza maandazi mbele ya nyumba ya mama yake. Mchumba alikuwa amekwisha kumwacha, watu wa kwao hawakutaka mwizi. Hakumtolea Dorothée kiti. Dorothée akamwambia, akiwa amesimama, kwamba alimkosea, kwamba dawa hakuichukua yeye, na kwamba anaomba msamaha.

Chérie aligeuza maandazi yake kwenye mafuta.

"Hapa tuko wawili, mama. Bale baliniita mwizi ni kanisa nzima. Kesho simama ubaambie."

Dorothée akasema atasimama.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha sikukuu na kukaa benchi lake la kawaida. Chérie alikuwa mabenchi mawili mbele, na mama yake. Waliimba, wakaomba, wakasikia neno. Ukafika wakati wa ushuhuda, na mchungaji akauliza nani ana neno la kusema. Mama mmoja alisimama akashukuru kwa mtoto aliyepona. Mwanamume mmoja akashukuru kwa safari. Mchungaji akauliza tena, akangoja. Shemeji yake Dorothée alikuwa upande wa wanaume, amekunja mikono. Kusema Chérie hakuiba kulitaka kusema nani alichukua, na kusema nani alichukua kulitaka kusema alichukua afanye nini, na baada ya hapo kulikuwa na ripoti. Dorothée aliangalia magoti yake. Mchungaji akasema tusimame tuimbe.

Chérie hakugeuka nyuma, wakati ule wala walipotoka nje.

Wiki iliyofuata gari la Bukavu lilifika. Vijana wawili walibeba vizimba, na Dorothée akawashikia mlango.